Lori la Prague, Ndege ya Hawaii: Kwa Nini Gemu za Polepole Hushindwa Sokoni

Mwaka 2012 zilitoka gemu mbili za uigaji ambazo, ukiziweka pamoja, zinajibu karibu swali lote ambalo wapenzi wa gemu hizi wamekuwa wakiulizana kwa miaka: mbona gemu za polepole, zile za kurusha ndege saa tatu nzima bila risasi hata moja, zinapata taabu kuuzika? Ya kwanza ni Microsoft Flight, iliyotoka 29 Februari. Ya pili ni Euro Truck Simulator 2, iliyotoka Oktoba na kutengenezwa na SCS Software, studio ya Prague, Jamhuri ya Cheki. Ya ndege ilikuwa na mfuko wa moja ya kampuni tajiri kuliko zote duniani, na jina lililojengwa tangu 1982. Ya lori ilitoka kwa studio ndogo iliyojulikana kwa gemu za malori za bei chee. Ya ndege ilisitishwa Julai, kabla hata lori halijafika sokoni. Ya lori inauzwa mpaka leo, na imeshavuka nakala milioni 10.

Wengi husema gemu za polepole hazina wateja kwa kuwa zinachosha. Hizo nakala milioni 10 zinakataa. Wateja wapo. Tatizo ni kwamba soko la gemu hupima thamani ya kitu mapema mno, na kampuni nyingi zikishaona kipimo hicho hukimbilia kubadilisha gemu badala ya kubadilisha namna ya kuiuza.

Tuanze na ndege. Januari 2009, Microsoft ilipotangaza kupunguza wafanyakazi 5,000, iliifunga pia ACES, studio iliyokuwa ikitengeneza Flight Simulator. Toleo lake la mwisho, Flight Simulator X la mwaka 2006, lilikuwa limezungukwa na biashara nzima ya watu wa nje waliouza ndege, viwanja na mandhari za kuongezea. Microsoft iliporudi na Flight, ilikuwa imeamua kwamba mashabiki wa zamani ni wachache, na kwamba kuna umati wa watu wadadisi wanaoogopa ugumu tu. Basi gemu ikatolewa bure. Mchezaji akapewa kisiwa kikubwa cha Hawaii, mashindano mafupi, medali, na vitu vilivyofichwa vya kutafuta kutoka angani. Watengenezaji wa nje wakafungiwa mlango. Na hapa ndipo mambo yalipoharibikia: baadhi ya ndege za kulipia, kama P-51 Mustang, ziliuzwa bila chumba cha rubani. Unailipia ndege ya kivita ya Vita vya Pili vya Dunia, halafu unaitazama kwa nje tu. Hakuna swichi ya kubonyeza wala mshale wa kipimo cha mafuta wa kuuangalia.

Mteja wa haraka aliyeitwa akaja, akakuta kwamba ndege ikishafika juu hukaa juu, na hakuna linalotokea kwa dakika 20. Akaondoka. Mteja wa polepole, yule anayelipa kwa miaka, akatafuta chumba cha rubani na dunia iliyo nje ya Hawaii, hakuvipata. Naye akaondoka. Alaska ilipoongezwa, ilikuwa imechelewa. Mwishoni mwa Julai 2012 Microsoft ikatangaza kusimamisha kazi.

Kosa la kupima mapema halikuwa jipya. Falcon 4.0, gemu ya ndege ya F-16 iliyotoka Desemba 1998, ilikuja na kitabu cha maelekezo cha mamia ya kurasa. Mwaka mmoja baadaye ofisi iliyoitengeneza ilifungwa. Mwaka 2000 msimbo wake ukavuja, na mashabiki wameendelea kuiboresha kwa kujitolea hadi zama hizi. Mwekezaji alivumilia miezi 12, wachezaji wakavumilia zaidi ya miaka 20.

Sasa tazama vipimo vyenyewe. Gemu ya kupigana inajieleza kwa dakika tano, na video ya tangazo ya sekunde 60 inatosha kukuonyesha utamu wake. Gemu ya uigaji haina cha kuonyesha kwa sekunde 60. Utamu wake huja mikono ikishazoea kazi, na hiyo huchukua jioni kadhaa. Juu ya hilo, tangu Juni 2015 duka la Steam humrudishia mteja fedha zake akiomba ndani ya siku 14 na akiwa amecheza chini ya saa 2. Ni haki ya mteja na ninaiunga mkono. Lakini saa 2 kwa gemu ya kupigana ni robo ya hadithi, na kwa gemu ya ndege ni kusoma maelekezo na kuanguka mara kadhaa. Microsoft Flight Simulator ilipotoka Agosti 2020, wanunuzi wa Steam walikuta gemu inapakua faili zake nyingi ikiwa imeshafunguliwa, zaidi ya gigabaiti 90, na muda huo ukahesabiwa kama muda wa kucheza. Mwenye intaneti ya kusuasua alimaliza saa zake 2 kabla hajaiona njia ya kurukia.

Turudi kwa lori, maana huko ndiko kuna kazi ya kusomwa kwa makini.

SCS walielewa tofauti kati ya kitu kinachokwenda polepole na kitu kitupu. Ramani yao ya Ulaya imepunguzwa kwa kipimo cha 1 kwa 19, na saa ya ndani ya gemu nayo inakimbia mara 19 ya saa ya ukutani ukiwa barabara kuu. Piga hesabu: safari ya kilomita 190 inabaki kilomita 10. Ukiendesha kwa kilomita 80 kwa saa, utaimaliza kwa dakika 7 na nusu. Dakika hizo ukizizidisha kwa 19 unapata saa 2 na dakika 22 hivi, yaani muda uleule ambao dereva wa kweli angeutumia. Umbali na saa vimepunguzwa kwa kiwango kimoja, kwa hiyo akili ya dereva haishtuki. Anachoka kwa wakati, analala kwa wakati, anachelewesha mzigo kwa wakati. Ukiingia mjini saa inapunguza kasi, kwa sababu mjini ndiko kwenye kazi ya mikono.

Na kazi ya mikono wameiacha yote. Ukifika bohari unaulizwa utaegesha namna gani: njia rahisi, njia ngumu yenye pointi zaidi, au uruke tu. Anayechagua ngumu anapiga rivasi na tela. Unakata usukani kulia, tela linakwenda kushoto. Unachelewa kurudisha, tela linakunja kama kisu. Unasogea mbele, unaanza upya. Hakuna adui wala muziki wa kutisha, ila moyo unadunda. Nyuma ya hayo kuna uchumi unaompa mtu sababu ya kurudi kesho: unaanza kwa lori la tajiri, unakopa benki, unanunua la kwako, unajenga gereji, unaajiri madereva.

Ushahidi mzuri zaidi ulikuja 2016. American Truck Simulator, ndugu wa lori la Ulaya, ilitoka Februari ikiwa na ramani ya 1 kwa 35. Wachezaji wakalalamika kwamba safari ni fupi mno. SCS wakaipanua ramani yote hadi 1 kwa 20, na safari ya dakika 20 ikawa ya dakika 35. Wateja walidai gemu iende polepole zaidi, wakapewa. Sijui gemu nyingine yenye ombi la namna hiyo kutoka kwa umati.

Upande wa fedha nao ulipangwa ufanane na gemu. Injini ni yao wenyewe. Gemu ya msingi hushushwa bei sana nyakati za punguzo, na faida husubiriwa kwenye nchi zinazoongezwa: Going East! mwaka 2013, Scandinavia 2015, Vive la France! 2016, Italia 2017, na kuendelea. Maeneo ya zamani kama Ujerumani yamejengwa upya bila mnunuzi kudaiwa senti. Aliyenunua 2013 bado ni mteja. Mpango huu unahitaji mishahara michache ya kulipa mwanzoni, na ndiyo maana kampuni kubwa huuogopa. Microsoft wenyewe waliporudi 2020, wakishirikiana na studio ya Asobo ya Bordeaux, waliiweka gemu kwenye usajili wa Game Pass, waliijenga dunia nzima badala ya kisiwa, na waliwafungulia tena mlango watengenezaji wa nje. Safari hii ikashika.

Nayasema haya nikiwafikiria vijana wa Tanzania na Kenya wanaopaka mabasi ya Bus Simulator Indonesia rangi za mabasi ya kwetu na kusambaziana skini hizo kwa simu. Wateja wa gemu ya basi la kwetu tayari wapo, na wanacheza barabara za Java kwa kukosa za nyumbani. Kama unaifikiria kazi hiyo, usianze na nchi nzima. Jenga Dar es Salaam hadi Morogoro, weka Chalinze yenye wauza bidhaa dirishani, weka mzani, weka kituo cha Msamvu, na uhakikishe gia na breki zinafanya kazi kama za kweli. Uza kipande hicho kwa bei ndogo. Dodoma iuze mwakani.