Mchoro wa mishale mitatu unatupotosha

Kama umepita darasa la fiziolojia chuoni, huu mchoro unaujua. Kuna seli moja ya parietali, ile inayotengeneza asidi ya tumbo. Mishale mitatu inaingia: histamini, asetilikolini na gastrini. Upande wa juu kuna pampu inamwaga protoni. Nimeufundisha mwenyewe mihula miwili nikiwa msaidizi wa maabara, na leo naulalamikia.

Kwanza hiyo mishale. Imechorwa sawasawa, kana kwamba kila mjumbe anabisha hodi mlango wake. Gastrini kwa sehemu kubwa inapitia kwa seli jirani. Jirani anatoa histamini, na histamini ndiyo inafikisha ujumbe. Ndiyo maana dawa za James Black na wenzake (alipata Nobel mwaka 1988), zinazoziba kipokezi cha histamini, zilipunguza hata asidi iliyochochewa na gastrini. Kwa mchoro ule, hebu nieleze hilo.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni pampu. Imechorwa imekaa juu, tayari, saa zote. Tumbo likiwa limetulia, pampu nyingi ziko ndani ya seli, zimehifadhiwa kwenye vifuko vidogo. Ukila, vifuko vinasogea, vinaungana na utando wa juu, na hapo ndipo pampu zinaanza kazi: protoni inatoka, potasiamu inaingia, ATP inatumika. Asidi inayotoka ina protoni zaidi ya mara milioni moja ya zile za kwenye damu.

Sasa fikiria omeprazoli. Inafika kupitia damu, na inageuka kuwa dawa kamili pale tu penye asidi kali, yaani kwenye pampu iliyo kazini. Kwenye damu haikai. Nusu yake inaondoka ndani ya saa moja hivi. Kwa hiyo inamezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, ili pampu zikitoka ziikute.

Shangazi yangu alikuwa anaimeza usiku wa manane kiungulia kikimshika, tumbo tupu, halafu analaumu duka la dawa kwamba wamemuuzia feki. Nikamwonyesha mchoro wa kitabuni ili nimweleweshe. Akautazama, akasema, "Sasa mwanangu, kama pampu ipo hapo hapo siku zote, muda unahusu nini?"

Nikageuza karatasi, nikachora vifuko.