Ngozi Iliyolinda Mafunjo

Kwenye soko la mifugo la Emali, mnunuzi wa mbuzi humpapasa mgongo, akamfungua mdomo atazame meno, kisha akauliza bei. Ngozi haimshughulishi. Fundi wa vitabu wa zamani angeanza na hiyo ngozi. Angepitisha kiganja begani na ubavuni akitafuta alama za kupe na makovu ya miiba, kwa kuwa jeraha dogo likiwambwa hufunguka likawa tundu la mviringo, na mwandishi hulazimika kukatiza mstari ili alizunguke. Mbuzi wa Mutomo na Kibwezi, waliokulia kwenye migunga, wangemtoa jasho.

Huko Ethiopia kazi hii ingali hai. Ngozi ya mbuzi hulowekwa, huwambwa kwa kamba kwenye fremu ya miti, kisha huparwa nyama na manyoya. Kupara ndiko kwenye ufundi wenyewe: mkono ukizidi nguvu kisu kinatoboa, ukilegea ngozi inabaki nene na kujipinda. Anayewamba ngoma Kitui anaijua nusu ya kazi hii. Nusu iliyobaki ni kuipunguza ngozi mpaka ikunjike bila kupasuka na ishike wino bila kuutawanya.

Ukijua taabu hiyo utakistahi kitabu kimoja cha mahubiri na barua za Augustino. Mwafrika huyu alihubiri Hippo, leo Annaba nchini Algeria, na makarani waliyanasa maneno yake kwa hati mkato akiwa bado anazungumza. Alifariki mwaka 430. Zaidi ya miaka 200 baadaye, mwishoni mwa karne ya 7 au mwanzoni mwa karne ya 8, mahubiri yake yalinakiliwa kwa Kilatini katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, kwa herufi kubwa za mviringo, juu ya mafunjo.

Mafunjo yalitoka Misri, na Ulaya yalikuwa yakiadimika. Ni mepesi na kalamu huteleza juu yake vizuri, ila mkunjo ndio adui yake. Tabaka moja la nyuzi limelazwa wima na jingine limekingama, hivyo yakifunguliwa na kufungwa mara nyingi hukatika, na uzi wa kushonea huyachana palepale. Fundi akaingiza kurasa za ngozi kati ya kurasa za mafunjo ili ziyakinge. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Hakuyatupa mafunjo kwa udhaifu wake, wala hakumaliza ngozi mahali isipohitajika. Alijua kila kitu kinavunjikia wapi kabla hakijavunjika, akashona kwa hesabu hiyo.

Kitabu chenyewe hakikubaki kizima. Kiligawanyika, na leo sehemu moja iko Paris, nyingine Geneva, na kipande kingine St. Petersburg. Kurasa za Geneva zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, kwa hiyo aliyeko mjini Wote au Mwingi anaweza kuzifungua kwa simu. Akikuza picha, asianze na maneno. Atazame mafunjo ya kahawia yaliyomomonyoka ukingoni, nyuzi zake zikionekana chini ya wino, kisha aulinganishe ukingo huo na ule wa ukurasa wa ngozi.