Breki Isiyogusa, na Mteremko wa Mbamba Bay

Barabara ya lami ya Mbinga–Mbamba Bay, kilomita 66, inatelemka kutoka milima ya Wamatengo hadi Ziwa Nyasa, lililo mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Lori la tani 30 likishuka mita 600 tu linaachia nishati ya kuchemsha lita 500 za maji. Dereva akiiachia pedali kazi yote, leningi zinaungua, breki zinafeli. Ndiyo maana dereva mzoefu hutia gia nzito akiwa bado juu.

Sasa treni inayoelea kwa sumaku, isiyogusa reli, husimamaje?

Tazama treni ya Linimo ya Aichi, Japani, iliyoanza kazi mwaka 2005: kilomita 8.9, mwendo hadi kilomita 100 kwa saa, mteremko hadi asilimia 6. Mota yake ni ya induksheni kama ile ya mashine ya kusaga, ila imekatwa ikanyooshwa. Koili ziko chini ya behewa. Bamba la alumini limelazwa njiani. Umeme wa fezi tatu huzalisha uga wa sumaku unaokimbia juu ya bamba, nao huamsha mikondo ndani yake, treni ikasukumwa.

Kufunga breki ni kupunguza frikwensi. Uga ukikimbia polepole kuliko treni, msukumo unageuka kuwa mvuto wa kurudisha nyuma, na mota inakuwa jenereta inayorudisha umeme kwenye laini. Mwendo ukishuka sana, njia hiyo inaishiwa nguvu. Hapo fezi hubadilishwa ili uga ukimbie kinyume. Kusimama kabisa ni kazi ya breki za haidroliki.

Kwenye mwendo mkubwa ndipo penye ugumu wenyewe. Kila mara kipande kipya cha bamba kinaingia chini ya koili, na mikondo ya ukingoni inaupinga uga. Umeme unaorudi unapungua, joto la bamba linaongezeka. Treni ya majaribio HSST-01 ya Japan Airlines ilipita kilomita 300 kwa saa mwaka 1978, lakini kwa kusaidiwa na roketi. Treni ya Shanghai, iliyofikia 431, iliiacha mota hii. Koili zake za kuendeshea zimetandazwa njia nzima.

Reli inayopangwa kati ya Mtwara na Mbamba Bay haihitaji kuelea. Mota za umeme kwenye magurudumu hufunga breki kwa kanuni ileile, na treni yenye mzigo mzito, kama makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka, itahitaji breki hiyo kwenye miteremko. Ila umeme unaorudishwa unahitaji laini yenye uwezo wa kuupokea, au vipingamizi vya kuuchoma juu ya injini. Na behewa lililosimama mlimani linashikwa na breki ya chuma, si sumaku. Wahandisi wa reli hiyo waweke hesabu ya kushuka kwenye michoro ya kwanza, pamoja na gharama ya laini ya umeme.