Wanaoandaa mechi ya Juni 30

Inapokaribia Juni 30, siku ya uhuru wa Kongo (DRC) uliopatikana mwaka 1960, mashabiki wa Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema, huanza kubishana. Timu yetu imefungwa msimu mzima, wanauliza, kwa nini isiwaachie wengine mechi ya sikukuu? Na ubishi huo una faida yake: anayefoka sana ndiye anayeombwa mchango wa kwanza.

Ila wapo wasiobishana. Kiangazi kimeingia, nyasi za uwanja zimekuwa ngumu, nao wanazifyeka kwa panga, wameinama tangu alfajiri, huku waking'oa visiki vinavyoumiza vidole vya wachezaji. Mistari huchorwa kwa majivu ya jikoni. Upepo ukipita, ichorwe tena. Milingoti ya goli huchimbiwa upya. Mpira uliofumuka hushonwa, ukajazwa kwa pampu ya baisikeli. Mwamuzi naye hukubali kazi akijua atatukanwa na pande zote mbili.

Katika soka la ngazi ya juu, Kindu, makao makuu ya mkoa, ina klabu ya AS Maniema Union, iliyofika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024/25. Tuishangilie, inastahili. Ila ukienda uwanjani kwenu sikukuu hii, tafadhali usikanyage mistari kabla ya filimbi.