Sikio la Mchagua Spika

Mbele ya duka moja la Kariakoo, lililojaa makasha hata njia ikawa haba, nilimwona fundi redio wa makamo akizizunguka spika mbili za kusimama sakafuni, kimo chake chapata kiuno cha mtu. Akainama, akagota ubavu wa mojawapo kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akashuka shibiri moja, akagota tena, ilhali muuzaji, mwenye kitabu cha stakabadhi mkononi, akitaajabu kwa nini mteja huyu haulizi wati.

Kugota kule ni elimu nzima. Kasha la spika halitakiwi kuwa na sauti yake. Kuimba ni kazi ya koni, na mbao ikitia neno lake huharibu. Ubavu mwembamba ukigotwa hujibu kwa mvumo mrefu, na mvumo huo huo ndio utakaoukuta baadaye umejibandika katika kila sauti nene ya mwanamume na kila pigo la dumbaki. Ubavu mnene, ulioungwa kwa mataruma ndani, hujibu neno moja kavu, kisha kimya. Mafundi wa zamani waliutafuta ukimya huo kwa bidii ya ajabu. Gilbert Briggs, Mwingereza wa Yorkshire aliyeanzisha kampuni ya spika ya Wharfedale mwaka 1932, alifikia hata kujaza mchanga baina ya mbao mbili ili ukuta wa spika usitetemeke, na mwaka 1954 akathubutu kuweka wanamuziki hai na spika zake jukwaani Royal Festival Hall, London, hadhira ilinganishe kwa masikio yake yenyewe. Sijui ni mfanyabiashara gani wa leo angekubali mtihani huo.

Baada ya kugota, fundi wetu hakuomba ngoma wala mripuko wa mabomu. Alitoa rekodi yake mwenyewe ya taarab, ala ya kanuni na sauti ya mwanamke, aijuayo kila pumzi. Kwani sauti ya binadamu twaijua tangu utotoni, na spika ikiidanganya twatambua mara moja. Wazee waliokua na santuri za mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, walizoea kuyafuata maneno ya shairi katikati ya mchakacho wa sindano, na usikivu ule haukuwa mdogo. Kisha fundi akataka mandhari ya filamu ambamo watu wawili wananong'ona, maana katika sinema ya nyumbani maneno ndiyo yapoteayo kwanza. Na kwa sababu hiyo hiyo akashikilia kwamba spika ya kati iwe ya ukoo mmoja na hizi mbili, asije msemaji akabadilika sauti kwa kuvuka chumba tu.

Ama wati zilizoandikwa kwa maelfu juu ya makasha, hizo aghalabu ni ghururi. Spika itoayo desibeli 89 kwa wati moja, ukiipima umbali wa mita moja, yataka nusu tu ya nguvu itakayo ile ya desibeli 86 ili zilingane kwa ukubwa wa sauti. Lakini tarakimu hiyo, yenye maana, huandikwa kwa herufi ndogo nyuma, ikiwa imeandikwa kabisa. Wala hakuna aulizaye habari za chumba, ilhali nyumba zetu za saruji na vigae hurudisha sauti kwa ukali, na spika iliyosukumwa pembeni huvimbisha besi. Busati na pazia zito hufaa kuliko sabufa ya pili.

Siku hizi watu huchagua kwa macho, taa za rangi zikiwaka na kuzimika, na ukiomba kusikia huambiwa kwamba kasha likifunguliwa halirudi dukani. Hata wale mafundi waliokuwa wakibadili koni zilizochanika na kuunga upya mbao zilizoachana wanapungua, kwa kuwa chombo cha plastiki kikiungua hutupwa kizima, na kijana atakaye kujifunza kazi hana cha kufungua.