Sahani ya Kuteleza, Njia ya Bwera

Foleni ya kuvuka mpaka wa Uganda na Kongo, kutoka Mpondwe kuingia Kasindi, huwapa madereva muda wa kuinama. Ukitaka kuuona ufundi wao pale Bwera, achana na usukani, chungulia nyuma ya kichwa cha lori, mahali tela inapokalia.

Utakuta sahani nene ya chuma, imelowa grisi nyeusi, mdomo wake umeelekea nyuma. Kingipini, ile pini iliyo chini ya tela, yenye unene wa milimita 50 hivi, huingia mdomoni humo na taya zikaibana. Kwenye vichwa vingine sahani hiyo imekaa juu ya reli zenye meno, husogezwa mbele au nyuma kisha ikafungwa. Wengi huiona anasa.

Basi wapige hesabu. Sheria ya mizani ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, na tani 18 kwenye jozi ya ekseli za nyuma ya kichwa. Tela ya saruji kutoka Hima ikilaza tani 14 juu ya sahani, na kichwa kina mita 3.5 kati ya ekseli ya mbele na katikati ya jozi ile, sentimita 10 tu kuelekea mbele zinahamishia kilo 400 kwenye usukani. Magurudumu ya tela yenyewe hayaongezewi wala kupunguziwa kitu. Kuna dereva anayelipa faini, na kuna anayevuta wenzo wa kufungua sahani.

Ila ukizidisha mbele, kona ya tela itagonga kabini kwenye kugeuza. Wamarekani wanaovuta nyumba za magurudumu kwa pikapu za bodi fupi wanalijua hilo: huirudisha sahani nyuma wakigeuza uwanjani, wakiingia barabarani huileta tena mbele ya ekseli. Ikibaki nyuma ya ekseli, pua ya gari hunyanyuka na usukani ukawa mwepesi vibaya.

Ziko sahani zinazofunguliwa kwa upepo, swichi ikiwa kabini. Kwa vumbi la Kikorongo na Katwe, mimi ningechukua ya wenzo wa mkono, inayomlazimisha mtu ashuke na kuyaona meno yamekamata.

Kuunganisha ndiko kunakonipendeza zaidi. Taniboi huizungusha miguu ya tela mpaka tela ikae chini kidogo ya sahani, ili sahani iinyanyue inapoingia. Tela ikiwa juu mno, kingipini hupita juu ya taya. Dereva hurudi polepole, chuma kinalia. Dereva mzuri hauamini mlio huo. Huingia uvunguni na tochi, akaangalia kama taya zimeikumbatia shingo ya kingipini na kwamba hakuna mwanga unaopita kati ya sahani na tela. Hapo ndipo hufunga breki za tela, akatia gia ndogo na kuvuta, aone kama taya zinashika.