Pua Iliyoachwa Miguuni

Kiwanda chenyewe sitakitaja. Kipo Dar es Salaam, kina boila mbili za mvuke, na kwa miaka mingi kilichoma gesi ya kuletwa kwa lori, ule mchanganyiko wa propani na butani tunaoupikia majumbani. Kisha likafika bomba la gesi asilia, ile ya Songo Songo iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuletwa Dar es Salaam mwaka 2004. Vichomeo vikabadilishwa, regaleta zikabadilishwa, bomba jipya likapakwa rangi ya njano. Vitambuzi vinne vya gesi vilivyofungwa ukutani, sentimita 30 kutoka sakafuni, havikuguswa na mtu. Nilipoitwa, niliitwa kwa jambo dogo tu: walitaka cheti kipya cha kalibresheni.

"Hivi havijawahi kutusumbua," alisema msimamizi wa boila, na paneli ilimuunga mkono: sifuri, sifuri, moja, sifuri.

Propani ina uzito wa mara moja na nusu hivi kuliko hewa, na butani mara mbili. Zikivuja hutambaa sakafuni kama maji, hujaa mifereji na mashimo ya pampu. Methani, ambayo ndiyo karibu gesi yote ya Songo Songo, ina uzito wa nusu ya hewa na ushei kidogo. Ikivuja hupanda. Kwa hiyo kwa muda wote tangu bomba lile lifunguliwe, vitambuzi vile vilikuwa vikinusa mahali ambapo gesi haiendi. Sifuri zao zilikuwa za kweli kabisa; hewa ya pale chini ilikuwa safi. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza hawakuwa na paneli wala cheti, lakini baada ya taa ya usalama ya Davy ya mwaka 1815 kila mmoja wao alijua kwamba ukitaka kupima methani unainua taa polepole kuelekea paa la handaki, huku ukiutazama mwali.

Kosa la kimo huonekana kwa macho. Kosa la pili lilikuwa limejificha ndani ya vifaa, na ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Kitambuzi cha aina ile kina chembe mbili ndogo, kila moja imezungushiwa ndani yake waya mwembamba wa platinamu. Umeme huzipasha hadi nyuzi mia kadhaa za joto. Moja imepakwa kichocheo, nyingine haikupakwa. Gesi ikipenya kwenye kichujio cha chuma huungua juu ya ile yenye kichocheo, chembe hiyo inapata joto zaidi, ukinzani wa waya wake unapanda, na tofauti kati ya chembe hizo mbili ndiyo inayosomwa. Transmita huigeuza tofauti hiyo kuwa mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Miliampea 4 ni hewa safi. 20 ni gesi iliyofika kikomo cha chini cha kulipuka, yaani kiasi kidogo kabisa kinachoweza kushika moto hewani. Chini ya 4 kwa kiasi cha kutosha, paneli hujua kwamba waya umekatika au kifaa kimekufa. Ndiyo maana sifuri haikuwekwa kwenye miliampea 0: kimya cha kifo na kimya cha usalama lazima vitofautiane.

Kijana wa karakana alitoa mtungi wake wa kalibresheni. Ulikuwa wa propani.

"Ndio tuliokuwa nao tangu zamani, mzee," alisema. "Na vinaitika vizuri."

Kweli viliitika. Niliviwekea gesi yake na vyote vinne vikapanda hadi kati ya 44 na 51, penye kutakiwa asilimia 50 ya kikomo hicho. Kisha nikafunga mtungi wangu wa methani, asilimia 2.5 ndani ya hewa. Kitambuzi kizima kilichopangwa kwa propani kingeonyesha methani kwa kuzidisha, kwa sababu methani hukisukuma zaidi kwa kila asilimia ya kikomo. Nilitarajia zaidi ya 70. Viwili vilifika huko. Cha tatu kilikwama kwenye 31. Cha nne kilipanda hadi 14, kikatulia hapo kama mtu aliyemaliza kazi.

Sababu ni kemia ya kichocheo. Kati ya gesi hizi za kawaida, methani ndiyo ngumu kuliko zote kuungua juu ya chembe ile. Kichocheo kikianza kudhoofika, uwezo wa kuunguza methani hupotea kwanza, wakati propani bado inaungua bila taabu. Kwa hiyo mtungi wa propani unaweza kukipa hati safi kitambuzi ambacho kwa methani ni kipofu. Kipimo kilifanywa, tarehe zikaandikwa, sahihi ikawekwa, na kilichopimwa si gesi iliyomo bombani.

Kilichokidhoofisha hakikuwa mbali. Kwenye rafu palikuwa na makopo ya mafuta ya kupuliza yenye silikoni, ya bawaba na mikanda ya feni, na tyubu ya gundi ya silikoni ya kuzibia milango ya boila. Mvuke wa silikoni ukifika kwenye chembe ya moto huacha tabaka linalofanana na kioo, na haliondoki. Vitambuzi vile viwili dhaifu vilikuwa karibu na feni.

Kuna tabia moja ya mafundi iliyoficha ugonjwa huu, na nimeiona sehemu nyingi. Fundi anaweka gesi, kifaa kinasoma 43, anabonyeza kitufe, kinasoma 50, anaandika 50. Mwaka unaofuata kinasoma 40, anabonyeza, anaandika 50. Kila mara programu ya transmita inakuza ishara dhaifu zaidi, na daftari linaonyesha kifaa kisichozeeka. Namba yenye thamani ni ile ya kwanza, kabla ya kugusa kitufe. Pale kiwandani haikuwahi kuandikwa hata mara moja.

Tuliagiza vichwa vipya vinne vya sensa na kuanza upya na swali la mahali. Gesi hupanda, sawa, lakini haipandi moja kwa moja kama puto. Chumba cha boila kina joto, kina feni ya kulisha kichomeo, kina dirisha la paa. Nilitumia chupa ya moshi baridi isiyo na moto (ubani ungetosha kwa kazi hiyo, ila kijinga cha moto ndani ya chumba cha gesi ndicho hasa tunachokikimbia). Moshi nilioutoa kwenye flanji za regaleta haukwenda pale mchoro wa zamani ulipodhani. Ulivutwa kwanza kuelekea kichomeo, ukageuka nyuma ya boila ya pili, ndipo ukapanda kuelekea tundu la paa. Vitambuzi viwili tukavipachika kwenye njia hiyo, kama sentimita 30 chini ya dari. Cha tatu juu ya valvu na regaleta, ambako viungo ni vingi na uvujaji una uwezekano mkubwa. Cha nne kwenye mlango wa kuingizia hewa ya kichomeo. Tulikwepa kona ya juu kabisa ambako hewa imesimama haizunguki, na tulikwepa mgongo wa bomba la moshi, kwani kila kichwa kina kikomo chake cha joto na kimeandikwa kwenye bamba.

Dari ile ni mita 5. Ukipachika kifaa mita 5 juu, umeamua pia kwamba hakuna atakayekipima, maana kila mara atahitaji ngazi, msaidizi na kibali cha kufanya kazi juu. Tukatenganisha: kichwa cha sensa juu, transmita yenye kioo na vitufe chini, usawa wa macho, na kebo fupi kati yao. Kwenye kinga ya maji ya kila kichwa kuna kitundu cha kuingizia gesi ya kupimia. Tukateremsha mpira mwembamba hadi chini na kuuziba kwa kifuniko. Mpira huo una hila yake. Upepo wa feni hupunguza gesi inayofika kwenye sensa, kwa hiyo siku ya kwanza nilipanda mwenyewe, nikaweka kikombe cha kalibresheni moja kwa moja kwenye kichwa, nikaandika usomaji, kisha nikarudia kwa mpira. Kitambuzi kimoja kilionyesha 50 kwa kikombe na 41 kwa mpira. Mpira huo tunautumia kuuliza tu kama kifaa kiko hai, kamwe si kukirekebisha.

Kichwa kinatazama chini, ili maji na vumbi visikae kwenye kichujio. Kebo inaingia kutoka chini ikiwa imelegezwa kidogo, ili tone la maji lidondoke kabla ya kufika kwenye boksi. Tundu lisilotumika linazibwa kwa kizibo cha chuma chenye idhini ya maeneo ya mlipuko, si kwa utepe. Na kifuniko hakifunguliwi umeme ukiwa umewashwa. Haya yamo katika kila kitabu cha mtengenezaji.

Ambalo watu hulipuuza ni unene wa waya. Paneli iko mita 220 kutoka chumba cha boila, na kebo ya zamani ilikuwa ya milimita mraba 0.5. Waya wa shaba wa unene huo una ukinzani wa omu 36 hivi kwa kilomita. Kwenda na kurudi ni mita 440, karibu omu 16. Kifaa kinavuta robo ampea, kwa hiyo volti 4 zinapotea njiani. Ukiwa na volti 24 huoni tatizo. Umeme ukikatika, betri zikashuka hadi 21, kifaa kinabakiwa na 17 huku kikihitaji 18. Kingekufa saa ileile ya giza na heka heka. Tulivuta kebo mpya ya milimita mraba 1.5, upotevu ukawa volti 1.3. Kinga yake ya chuma tuliiunganisha ardhini upande wa paneli pekee. Ukiiunganisha pande zote mbili unatengeneza njia ya mkondo usiotakiwa, na namba zinaanza kucheza kila mota inapowashwa.

Kabla ya gesi yoyote tulipima waya peke yake. Tuliingiza miliampea 12 kwa kifaa cha kupimia, paneli ikatakiwa kusoma 50. Ilisoma 50 kwenye njia tatu. Ya nne ilisoma 25, kwa sababu mtu fulani, zamani, aliweka kipimo cha mwisho kuwa 50 badala ya 100. Kosa kama hilo ukilikuta wakati wa gesi utalaumu sensa.

Kalibresheni yenyewe, vichwa vikishapata joto la kutosha, ni kazi ya dakika chache. Kwanza unazuia ving'ora na valvu visiamshwe, na unamwambia mtu wa chumba cha udhibiti. Sifuri inawekwa kwa hewa safi ya mtungi. Hewa ya chumba haifai: ikiwa na chembe ya gesi au mvuke wa rangi, kifaa kitajifunza kwamba uchafu huo ndio usafi. Kisha methani, nusu lita kwa dakika, hadi namba itulie. Mtungi uwe wa methani ndani ya hewa. Ukinunua ya ndani ya nitrojeni, chembe haina oksijeni ya kuunguzia, na kifaa kizima kitaonekana kigonjwa.

Na soma lebo kwa asilimia ya ujazo. Viwango vya zamani vinahesabu kikomo cha methani kuwa asilimia 5 ya hewa, vipya 4.4. Mtungi wangu wa 2.5 ni 50 kwa hesabu ya kwanza na 57 kwa ya pili. Transmita zile zilihesabu kwa 5, tukabaki hapo na kuandika hivyo kwenye mlango wa paneli, kwa herufi kubwa.

King'ora cha kwanza tulikiweka kwenye 20, kinawasha feni ya paa. Cha pili 40, kinafunga valvu ya gesi iliyo nje ya jengo. Siku ya mwisho niliomba kizuizi kiondolewe, gesi ya mtungi ikawekwa, na tukasimama nje kuitazama valvu ikifunga kweli. Meneja wa uzalishaji hakupenda. Boila zilizimika na mvuke ukakosekana kwa muda. Ilifunga katika jaribio la pili. La kwanza ilikwama, spindeli ikiwa na kutu ya chumvi ya hewa ya pwani, na hilo pia halikuwa kwenye cheti chochote.

Tulipokuwa tukikusanya vifaa, kijana wa karakana alikuwa akitazama ukuta wa zamani, yale matundu ya skrubu sentimita 30 kutoka sakafuni. Akaenda stoo, akarudi na ile tyubu ya silikoni ili ayazibe. Nikamwomba akachanganye saruji kidogo.